Stelingi anayekufa

Aliyekulia kwenye vibanda vya video anaijua kanuni: stelingi hafi. Atapigwa, ataburuzwa na gari, atatupwa mtoni, lakini mwisho atainuka. Kwa miongo mingi kanuni hiyo haikuwahusu wanawake wanaopendana. Wao sinema iliwaruhusu kupendana kwa saa moja na ushee, kisha mmoja ajinyonge, arukwe na akili, au atafutiwe mume.

Mambo hayakuanza hivyo. Mwaka 1931 huko Berlin, Leontine Sagan aliongoza *Mädchen in Uniform*, filamu isiyo na mwigizaji hata mmoja wa kiume. Manuela, binti wa shule ya bweni, anampenda mwalimu wake. Katika tamthilia ya Christa Winsloe iliyozaa filamu hiyo, Manuela anajirusha na kufa. Kwenye filamu wenzake wanamuwahi ngazini na kumvuta. Wanazi waliposhika dola, waliipiga marufuku.

Hollywood nako, kanuni za maadili zilianza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934. William Wyler alipoipeleka tamthilia ya Lillian Hellman kwenye sinema mwaka 1936, kisa cha walimu wawili wa kike wanaozushiwa kuwa wapenzi kiligeuzwa kuwa ugomvi wa kumgombea mwanamume. Mwaka 1961 akairudia kwa jina la *The Children's Hour*, safari hii bila kuficha. Shirley MacLaine anamkiria Audrey Hepburn kwamba anampenda. Muda si mrefu anakutwa amejinyonga. Mapenzi yaliruhusiwa, ila kwa sharti la maiti.

Deepa Mehta alilikataa sharti hilo katika *Fire* ya mwaka 1996. Wake wa ndugu wawili katika nyumba moja ya Delhi wanapendana. Vazi la mkubwa linashika moto jikoni, naye anatoka mzima na kwenda kukutana na mwenzake. Bodi ya India iliipitisha bila kukata kitu, lakini Desemba 1998 wafuasi wa chama cha Shiv Sena walivamia majumba ya sinema na kuvunja vioo.

Nairobi ilikuwa kinyume chake: bodi ilikataa, watu wakapanga foleni. Wanuri Kahiu alitengeneza *Rafiki* kutokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Kena anacheza mpira na wavulana mtaani; Ziki ana misuko ya rangi inayoonekana toka mbali; baba zao ni mahasimu wa uchaguzi. Wasichana hao wanajificha ndani ya gari bovu lililotelekezwa, huku mama wa kibanda cha chakula akiwachunguza kila wanapopita. Wanafumaniwa, wanapigwa na umati, Ziki anapelekwa London. Miaka inapita, Kena ni daktari, na Ziki anarudi. Filamu inaishia hapo, Kena akitabasamu.

Tabasamu hilo ndilo lililoiponza. Aprili 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilipiga marufuku *Rafiki* kwa hoja kwamba inahamasisha usagaji kinyume cha sheria. Kwa maelezo ya Kahiu, wangeiruhusu kwa watu wazima kama angebadili mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Walitaka majuto. (Sijui daktari aliyefaulu angejutia nini.) Alikataa. Mwezi uliofuata *Rafiki* ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes.

Kahiu alikwenda mahakamani, maana ili filamu ifikiriwe kwa Oscar ilipaswa kwanza kuonyeshwa nyumbani siku 7 mfululizo. Septemba 21 Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku kwa siku hizo 7, akisema haamini kwamba maadili ya Wakenya ni dhaifu kiasi cha kutikiswa na filamu. Kwenye sinema ya Prestige, Barabara ya Ngong, tiketi ziliisha, ikabidi maonyesho yaongezwe. Wiki ilipokwisha marufuku ikarudi, na kamati ya Kenya ikapeleka filamu nyingine, *Supa Modo*, kwenye Oscar.

Aprili 2020 Jaji James Makau aliitupa kesi ya Kahiu na kuipa bodi ushindi. Wakati huo Samantha Mugatsia, aliyeigiza Kena, alikuwa tayari ametwaa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la FESPACO, Ouagadougou, mwaka 2019.