Gari la kwanza kuvuka Afrika liliondokea Dar

Haya wadau, leo tuongelee safari. Siyo safari ya mikoani kwenda kuzika, wala ile ya Desemba ya kwenda kula sikukuu kwa wazee. Hizo tunazijua. Naongelea safari ya kupakia gari vyombo na godoro, kulala humohumo garini, na kuendesha kutoka hapa Dar es Salaam mpaka jangwa la Namib, kule mchanga unakokutana na bahari ya Atlantiki.

Tuko wanne. Gari ni Hiace ya mjomba wa mmoja wetu, na kuna fundi samani pale Keko anatutengenezea kitanda cha kukunja cha kukaa nyuma. Tunapanga tangu mwaka jana. Kila ninapomweleza mtu hapa Kinondoni, swali ni lilelile: "Mnakwenda kuchukua mzigo gani?" Ukimjibu hakuna mzigo, mnakwenda kuona tu, anakutazama kama mtu aliyerogwa. Mambo hayo ya Wazungu bwana! Na kweli, kwa miaka mingi yale malori marefu ya watalii yanayokata bara kutoka Nairobi kwenda Cape Town yalikuwa yakivuka na pantoni kwenda kupumzika kwenye kambi za ufukweni Kigamboni, enzi hizo Kigamboni bado iko ndani ya Temeke. Wao wanapita, sisi tunapunga mikono.

Sasa katika kupanga nikaanza kusoma historia ya njia yenyewe. Kumbe safari yetu hii ina zaidi ya miaka mia moja, na ilianzia hapahapa Dar.

Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa mmoja wa jeshi la Wajerumani, Paul Graetz, aliwasha gari lake Dar es Salaam akaelekea bara. Gari lilikuwa Gaggenau, la nguvu za farasi 35, lililotengenezwa Ujerumani na kuinuliwa juu ili lisigonge visiki. Alipita Rhodesia, Maporomoko ya Victoria, Bulawayo, akafika hadi Johannesburg, kisha akageuka magharibi kukata Kalahari. Aliingia Swakopmund, mji wa pwani wa Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Piga hesabu: ni siku 630. Vitabu vinamtaja kuwa mtu wa kwanza kuvuka Afrika kwa gari. Mwenyewe aliandika kitabu kilichotoka Ujerumani mwaka 1910, akapata umaarufu wake.

Sawa. Lakini tufanye hesabu nyingine, ile inayotuhusu sisi tunaopanga safari. Gari linakula petroli. Mwaka 1907 sheli zilikuwa wapi? Hazikuwepo. Reli ya Kati yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza inajengwa na ilifika Morogoro mwishoni mwa mwaka huohuo. Barabara ya gari haikuwepo, kulikuwa na njia za misafara. Basi petroli na matairi vilitangulizwa mbele, vikawekwa kwenye vituo njiani. Vilitangulizwaje? Kwa vichwa na mabega ya watu.

Hawa ni wapagazi, ndugu zangu. Ni kazi ileile ambayo Wanyamwezi na wenzao walikuwa wakiifanya karne nzima kati ya Tabora na pwani, mtu mmoja na mzigo wa karibu kilo 30, miezi mitatu njiani. Gari lilipokwama kwenye matope au mtoni, waliolivuta kwa kamba walikuwa ni haohao. Kwa hiyo gari la kwanza kuvuka Afrika lilivuka vipande vikubwa vya Afrika likisukumwa, kuvutwa na kulishwa na watu waliokuwa wakitembea kwa miguu. Jina la mwenye gari tunalo, jina la kiwanda tunalo, hata nguvu za injini tunazijua. Majina ya waliobeba petroli mimi sijakutana nayo popote.

Ukitazama tarehe zenyewe, mambo yanazidi kuwa mazito.

Mwaka 1907 vita ya Majimaji ilikuwa ndiyo inamalizika. Ukitoka mjini ukapita Temeke, ukashika barabara ya Kilwa, moja kwa moja kupita Mbagala, unaelekea nchi ya Wamatumbi, ambako vita hiyo ilianza Julai 1905. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Agosti mwaka huo. Wajerumani hawakutegemea risasi peke yake, walichoma mashamba na maghala, na njaa ikamalizia kazi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 75,000 na kupanda hadi 300,000. Graetz aliondoka Dar wakati kusini ya nchi hii ikiwa bado inazika watu wake.

Na huko alikokuwa anakwenda je? Kulikuwa vilevile, au zaidi. Oktoba 1904 Jenerali Lothar von Trotha alitoa amri ya kuwamaliza Waherero, wakafukuziwa kwenye jangwa la Omaheke wafe kwa kiu. Wanama nao wakafuata. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni Waherero karibu 65,000 na Wanama karibu 10,000 waliouawa au kufia jangwani na kwenye kambi za mateso mpaka mwaka 1908. Mojawapo ya kambi hizo ilikuwa Swakopmund, mji uleule ambako gari lilipokelewa Mei 1909. Na huyo Trotha hakuwa mgeni kwetu. Kati ya 1894 na 1897 alikuwa kamanda wa majeshi ya Wajerumani hapa hapa Afrika Mashariki.

Kwa hiyo njia hii, ambayo kwenye ramani yangu nimeichora kwa wino mwekundu, iliunganisha makoloni mawili ya bwana mmoja, yote yakiwa bado yananuka damu. Kuonyesha kwamba gari la Kijerumani linaweza kutoka koloni moja hadi jingine kulikuwa na maana yake wakati ule. Haikuwa matembezi tu.

Nilipofika hapo nikataka kuifunga ramani. Ila historia ina upande wa pili, na huu ndio ulionifanya niendelee kupanga.

Njia hiyohiyo baadaye ilipitwa kwa kurudi nyuma. Mwaka 1960 kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi reli aliikimbia Namibia, iliyokuwa chini ya makaburu, akapita Bechuanaland na Rhodesia hadi akafika Tanganyika. Jina lake Sam Nujoma. Mwaka 1961 chama chake cha SWAPO kilifungua ofisi Dar es Salaam. Mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya OAU nayo ikawekwa hapa. Baada ya hapo wapiganaji wa FRELIMO, ANC, MPLA na SWAPO wakapewa kambi Kongwa, mkoani Dodoma. Kundi la kwanza la wapiganaji wa SWAPO liliingia Namibia kwa siri mwaka 1965 likitokea Kongwa, na tarehe 26 Agosti 1966 mapigano ya kwanza yakatokea Omugulugwombashe. Fikiria umbali huo, huna pasipoti, huna sheli, na kila mpaka una adui. Nujoma alikuja kuwa rais wa kwanza wa Namibia huru tarehe 21 Machi 1990. Alifariki Februari 2025.

Halafu kuna madereva wetu. Rhodesia ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilibanwa, mafuta yake hayakuweza tena kupita kusini. Yakapelekwa kwa malori kutoka Dar, mapipa kwa mapipa, kwenye barabara ya vumbi na matope iliyoua watu mpaka Wazungu wakaiita njia ya Jehanamu. Bomba la TAZAMA lilianza kazi 1968, reli ya TAZARA ikakabidhiwa rasmi Julai 1976, na stesheni yake ile kubwa ipo Temeke mpaka leo. Lami ikafika. Lakini kabla ya hayo yote walikuwepo madereva na matingo. Nenda hata leo Temeke yanakolala malori, utamkuta utingo aliyeona Lusaka, Lubumbashi na Harare mara nyingi kuliko mtalii yeyote, amelala chini ya tela, anapika ugali kwenye jiko la mkaa. Huyo ndiye bingwa wa kulala garini. Mwingine anaiita likizo, yeye anaiita kazi.

Kwa hiyo anayesema kusafiri namna hii ni mambo ya Wazungu anakosea. Watu wetu wameisafiri njia hii kwa miguu, kwa lori, kwa kutoroka na kwa kupigania uhuru. Tulichokikosa ni kuisafiri kwa hiari yetu, kwa kutaka tu kuona.

Turudi kwenye mipango, maana kuna watakaotaka kujua. Kutoka Dar hadi Swakopmund kwa njia ya Tunduma, Lusaka, Kazungula na Windhoek ni kama kilomita 4,000. Nchi zote nne mnaendesha kushoto. Mtanzania haombi viza kwa matembezi mafupi Zambia, Botswana wala Namibia. Pasipoti, kadi ya gari, barua ya mwenye gari iliyothibitishwa na mwanasheria, na bima ya kuvuka mipaka, hivyo usiache. Kazungula siku hizi hakuna kugombania pantoni: daraja la mita 923 lilifunguliwa Mei 2021 na unaingia Botswana kwa dakika chache, ukiacha foleni ya malori. Ukifika jangwani, punguza upepo wa matairi kabla ya kuingia mchangani, beba maji kwa madumu, na usiendeshe usiku kwa sababu ya wanyama.

Hadi hapo hatukugombana. Ugomvi uko kwenye siku. Tuna siku 21 tu za likizo, na kila kituo kinakula kingine.

Mimi nimeomba mambo mawili. La kwanza, tusipite Mikumi kwenda Iringa, bali tupandie Kongwa, tutoke Dodoma, ndipo tushuke Iringa. Inaongeza kama kilomita 200. La pili, Swakopmund tulale siku mbili, moja iwe ya kwenda pembeni ya makaburi ya mji, kule kwenye vichuguu vya mchanga visivyo na majina, walikozikwa Waherero na Wanama. Siku hiyo itatoka kwenye siku za Etosha.

Mwenzangu mmoja amekataa katakata. Anasema amejinyima mwaka mzima ili aone faru na simba wa jangwani, siyo kwenda kulia makaburini. Anasema makaburi yapo hata Kinondoni, tena bure. Hoja yake siidharau. Mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki ana haki ya kufurahi bila kuhubiriwa.

Nilimjibu hivi. Etosha yenyewe ilitangazwa hifadhi mwaka 1907 na gavana wa Kijerumani, mwaka uleule Graetz anawasha gari. Watu wa jamii ya San waliokuwa wakiishi humo waliondolewa 1954, kama Wamasai walivyoondolewa Serengeti 1959. Kwa hiyo hata ukikimbilia kwa wanyama, historia utaikuta imekaa getini inakusubiri. Tembo wa Mikumi tutawaona wakati wa kurudi, hawahami. Na faru tutamtafuta kwa siku mbili badala ya tatu.

Ujerumani ilikubali mwaka 2021 kwamba yaliyofanyika Namibia yalikuwa mauaji ya kimbari. Tarehe 1 Novemba 2023 rais wake, Steinmeier, alikuja Songea akaomba msamaha kwa ajili ya Majimaji. Yaani aliyefanya amekuja mwenyewe hadi makaburini kwetu. Sisi na Wanamibia tulioumizwa na mkono mmoja, tena kwa miaka ileile, bado hatujatembeleana. Tunafahamiana kwenye hotuba za ukombozi, basi.

Ndiyo maana nang'ang'ania hiyo siku moja ya Swakopmund. Siyo kwa ajili ya kulia. Gari la kwanza kutoka Dar lilifika pale likashangiliwa na waliokuwa na kambi ya mateso mjini. Hili letu likifika, hata kama ni Hiace yenye kitanda cha Keko, nataka lisimame kwanza kwa waliolala kwenye mchanga, tuwasalimie, tuwaambie tumetoka kwa wajukuu wa Majimaji. Baada ya hapo tutakwenda kupanda vilima vya mchanga, tupige picha, tucheke.

Kura mpaka sasa ni mbili kwa mbili. Mwenye gari hajapiga yake.