Uzi wa Mbasa

Historia ya mwambao wetu wa Ziwa Nyasa huandikwa kwa meli: Hermann von Wissmann iliyopigwa mizinga na Waingereza pale Sphinxhafen, yaani Liuli, Agosti 1914, kisha MV Songea, sasa MV Mbeya II. Mimi nauza mishipi na ndoana Mbamba Bay, kwa hiyo naisoma kwa unene wa uzi.

Livingstone alifika ziwani mwaka 1859. Enzi zake watu wa Nyasa walifuma nyavu kwa nyuzi za miti, mmojawapo ule ambao Wanyanja huuita bwazi. Samaki aitwaye mbasa, Livingstone alimsifu sana, akamfananisha na salmoni kwa jinsi anavyopanda mito kutaga. Wazungu waliofuata wakamwita salmoni wa ziwa, ingawa huyu ni jamaa wa ningu. Mvuvi anafaidika na tofauti hiyo. Mfungue mbasa kinywa: taya tupu, meno yako kooni. Nguru wa baharini hukata nailoni kama mkasi, ndiyo maana wanaorambaza pwani hutanguliza waya kabla ya ndoana. Huku waya ni hasara tupu. Unamtisha samaki katika maji maangavu ambayo ukiwa mtumbwini unahesabu mawe ya chini.

Mjomba wangu wa Liuli alianza na mshipi wa pamba. Kila akirudi aliuanika, la sivyo ungeoza. Ukilowa ulinenepa, na akikaza kupiga kafi ulielea juu pamoja na chambo. Nailoni, iliyotangazwa Marekani mwaka 1938, ilienea katika uvuvi baada ya Vita Kuu ya Pili, na ilipomfikia mjomba akaona tofauti siku hiyohiyo. Uzi mwembamba hukata maji, chambo kinashuka hadi waliko usipa, dagaa wa ziwa hili, na mbasa mkubwa huwafuata usipa.

Nailoni hiyohiyo ndiyo iliyomponza mbasa. Wavu wa pamba lazima utolewe ukaushwe. Wa nailoni unalala majini hata msimu mzima. Fedha ya kahawa ya Umatengo nayo ilivuta: wachuuzi walipandisha samaki wa kubanikwa hadi Mbinga, tena kabla ya lami, na mshipi unaoleta mbasa mmoja mmoja usingewatosheleza. Mvua zikianza, mbasa hukusanyika kwenye mlango wa Ruhuhu, upande wa Lituhi, ili wapande kutaga kwenye changarawe. Hapo ndipo nyavu zilipopangwa. Kanuni za uvuvi za mwaka 2009 zimepiga marufuku timba, ule wavu wa uzi mmoja wa plastiki. Sawa, lakini kuchagua uzi halali hakusaidii kitu ikiwa mlango wa mto wenyewe umezibwa.

Anayetaka kurambaza mbasa namwambia achukue milimita 0.35, inayobeba kilo saba hivi. Samaki mwenyewe hufika kilo nne kwa nadra. Chambo kiwe usipa mzima, chubwi dogo, na mshipi upite kidoleni, usifungwe mtumbwini, maana midomo ya mbasa ni laini na mvuto wa ghafla unaichana. Wengi hunisikiliza hadi mwisho, kisha wananunua 0.60, kwa sababu usiku watautegea kambale.