Bulldogs wa Drake: Timu ya Chuo Iliyofika Arusha

Tarehe 21 Mei 2011, katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid mjini Arusha, timu ya Chuo Kikuu cha Drake kutoka Des Moines, jimbo la Iowa, iliishinda timu teule ya vyuo binafsi vya Meksiko, CONADEIP, kwa pointi 17 dhidi ya 7. Mechi hiyo ilipewa jina la Global Kilimanjaro Bowl. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo timu ya chuo cha Marekani kucheza futiboli ya kwao katika ardhi ya Afrika. Mei 2026 inatimia miaka 15, na timu iliyofika siku ile inastahili kuandikiwa historia yake kwa Kiswahili, maana Kiswahili ndicho kilichozungumzwa jukwaani ilipocheza.

Arusha si mbali nasi wa Thika. Mtu akidamka Makongeni na matatu ya kwanza ya kwenda Nairobi, kisha akapata gari la Namanga, jua halitui kabla hajafika. Lakini mwaka ule Thika ilikuwa na yake. Barabara kuu ya kwenda Nairobi ilikuwa imefumuliwa kwa upanuzi, vumbi na misongamano kila siku, na Chuo Kikuu cha Mount Kenya, jirani yetu, kilikuwa kimekabidhiwa hati yake mwezi Januari. Wageni wenye helmeti na mabega ya plastiki walipita upande wa pili wa mpaka.

Kwa anayeijua raga, mchezo wenyewe hauhitaji maelezo marefu. Mpira ni wa yai, wachezaji ni 11 kila upande, na timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu, inapewa manne mengine. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Kuuvusha mpira mstari wa mwisho ni pointi 6, na teke linalofuata huongeza 1. Teke la kupitisha mpira kati ya nguzo, bila kuvuka mstari, ni pointi 3. Tofauti kubwa na raga ni kwamba hapa mpira unaruhusiwa kurushwa mbele, mara moja katika kila jaribio, na sehemu kubwa ya utamu wa mchezo iko hapo. Sehemu kubwa ya uchovu wa mtazamaji mgeni nayo iko katika kusimamasimama kila baada ya sekunde chache, na sitamlaumu aliyeondoka jukwaani kabla ya mwisho.

Uwanja ule una jina la mshairi. Sheikh Amri Abeid Kaluta alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere, naye alifariki mwaka 1964. Wapenzi wa fasihi wanamjua zaidi kwa kitabu chake cha 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi, vina na mizani. Napenda kudhani kwamba mtu aliyehesabu silabi kwa uangalifu ule asingechoshwa na mchezo unaopimwa yadi kwa yadi.

Sasa turudi Iowa. Drake ni chuo binafsi kilichoanzishwa mwaka 1881 na kupewa jina la Francis Marion Drake, jenerali wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ambaye baadaye alikuwa gavana wa jimbo hilo. Timu ya futiboli ilianza mwaka 1893. Wanariadha wetu wanalijua jina la Drake kwa sababu nyingine: mashindano ya Drake Relays, yanayofanyika wakati wa masika tangu 1910, na uwanja wenye njia ya kukimbilia ya rangi ya buluu. Iowa si jimbo geni kwa Wakenya. Yobes Ondieki, mtu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, mjini Oslo mwaka 1993, alisoma Iowa State, chuo kilichoko Ames, mwendo mfupi kaskazini mwa Des Moines. Uwanja wa Drake, uliofunguliwa mwaka 1925, umekuwa wa wakimbiaji na wa wachezaji futiboli kwa pamoja.

Mchezaji mkubwa kuliko wote katika historia ya Drake ni Johnny Bright, kijana mweusi kutoka Fort Wayne, Indiana. Mwaka 1949 na 1950 aliongoza vyuo vyote vikuu vya Marekani kwa jumla ya yadi alizopata kwa kukimbia na kurusha. Mwaka 1951 alikuwa njiani kufanya hivyo tena, na Drake ilikuwa haijafungwa hata mechi moja, ilipokwenda Stillwater, Oklahoma, kucheza na Oklahoma A&M tarehe 20 Oktoba.

Wakati huo vyuo vingi vya kusini havikuwapokea wanafunzi weusi, na timu zao zilikuwa za wazungu watupu. Minong'ono ilikuwa imeenea mjini kabla ya mechi kwamba Bright hatamaliza mchezo. Katika dakika saba za kwanza aliangushwa na kupoteza fahamu mara tatu. Pigo lililomvunja taya lilitoka kwa Wilbanks Smith, mlinzi wa Oklahoma A&M, na lilikuja Bright akiwa ameshamkabidhi mwenzake mpira na amesimama nyuma, mbali na mchezo. Taya likiwa limevunjika, bado alirusha mpira mmoja uliozaa pointi kwa umbali wa yadi 61. Baadaye mwili ukakataa, akatoka. Drake ilifungwa 27 kwa 14.

Huenda jambo hili lingeishia kwenye ubishi wa mashabiki, huyu akisema ilikuwa bahati mbaya, yule akisema ilikuwa kusudi. Wapiga picha wawili wa gazeti la Des Moines Register, Don Ultang na John Robinson, ndio walioumaliza. Walikuwa wamemwelekezea Bright kamera zao tangu mwanzo. Mfululizo wa picha zao ulionyesha waziwazi mpira uko wapi na ngumi iko wapi. Picha hizo ziliwaletea tuzo ya Pulitzer mwaka 1952, na zilichangia sheria kukazwa kuhusu kupiga wachezaji wasio na mpira na kuhusu kinga ya uso kwenye helmeti.

Ligi ya Missouri Valley, ambayo vyuo vyote viwili vilikuwa wanachama wake, haikumwadhibu mtu. Drake ikajitoa katika ligi. Chuo cha Bradley kikaifuata. Hapo ndipo ninapoiheshimu taasisi hii kuliko kwa kombe lolote ililowahi kubeba, kwa sababu kuhama ligi ni gharama: ni kupoteza ratiba, wapinzani waliozoeleka na mapato ya mlangoni. Futiboli ya Drake ilikaa nje ya ligi ile hadi mwaka 1971. Oklahoma State, jina la sasa la Oklahoma A&M, iliomba radhi mwaka 2005, wakati Bright alikuwa kaburini tangu 1983. Mwaka uliofuata Drake iliupa uga wake jina la Johnny Bright.

Bright mwenyewe alichaguliwa na Philadelphia Eagles, klabu ya kulipwa, lakini alikataa kwenda kucheza mahali ambako hakujua angetendewa vipi na wachezaji wa kusini. Alihamia Kanada, akawa nyota wa Edmonton, akachukua uraia wa huko mwaka 1962, akafundisha shuleni na kuwa mwalimu mkuu. Edmonton kuna shule yenye jina lake.

Miaka ya 1970 na ya mwanzo wa 1980 nitaipita haraka. Timu ilirudi Missouri Valley, ikapata misimu mizuri, mmojawapo ule wa 1981 iliposhinda mechi 10 na kupoteza 1. Fedha hazikuwa nzuri kama matokeo. Futiboli ya kiwango hicho inadai wachezaji wengi wenye ufadhili kamili wa masomo, makocha, ndege na hoteli, na chuo kidogo cha binafsi kilikuwa kikizama katika hasara. Mwishoni mwa msimu wa 1985 uongozi ukaivunja timu. Mwaka 1986 Drake haikuwa na timu rasmi.

Ilirudi mwaka 1987, safari hii katika daraja la tatu, ambako hakuna ufadhili wa michezo. Kisha baraza la michezo ya vyuo, NCAA, likaamua kwamba chuo kilichoko daraja la kwanza katika michezo mingine hakiwezi kuificha futiboli yake daraja la chini. Drake na vyuo vingine vilivyobanwa na sheria hiyo, miongoni mwao Dayton, Butler, San Diego, Valparaiso na Evansville, viliunda Pioneer Football League, iliyoanza kucheza mwaka 1993. Ni ligi ya daraja la kwanza kwa jina, lakini mchezaji wake halipiwi karo kwa sababu ya futiboli. Anaweza kupata msaada kwa alama zake za darasani au kwa hali ya kwao nyumbani, basi.

Nimesoma na kusikia watu wakishangaa kwamba timu ya kwanza kufika Afrika haikuwa Alabama, Notre Dame au Michigan, ambazo viwanja vyao hubeba umati unaozidi wakazi wa miji mingi. Mimi sioni la kushangaza. Timu kubwa ni biashara ya mamilioni ya dola. Mwezi Mei kocha wake hawezi kuhatarisha goti la mchezaji ghali katika nyasi asizozijua, tena kwa mechi isiyohesabika kwenye msimamo. Drake haikuwa na biashara ya kulinda. Ilikuwa na kocha, Chris Creighton, aliyekuja mwaka 2008 na kuamini kwamba safari ya namna hiyo ni sehemu ya masomo, na ilikuwa na vijana wanaocheza kwa kupenda. Kampuni ya Global Football, inayoandaa mechi za namna hii ng'ambo, iliwatafutia wapinzani. Wameksiko hawakuwa wa kujazia nafasi: mchezo huu una mizizi mirefu katika vyuo vya nchi yao, na vyuo kama Tecnológico de Monterrey vinajaza viwanja.

Vijana hao hawakuja kwa mechi pekee. Walijitolea katika kazi za kijamii, wakawaonyesha watoto wa Arusha namna ya kushika mpira wa yai, na baada ya mechi wakapanda Kilimanjaro, mita 5,895. Anayewajua wapagazi wa Marangu na Machame atajua kwamba misuli ya futiboli haisaidii sana kule juu. Mlinzi wa kilo 120 aliyezoea kukimbia sekunde tano na kupumzika nusu dakika hana kikubwa cha kumzidi mwanafunzi mwembamba hewa inapopungua.

Tukiwatazama kutoka Thika, hali yao inafahamika. Mwanafunzi wa chuo chetu anayecheza raga au kandanda naye halipwi. Anafanya mazoezi jioni, anaomba nauli ya kwenda mechi za ugenini, na mtihani haumsubiri. Hata hivyo timu za wanafunzi zimewahi kuwatoa jasho wakubwa: mwaka 1977 Mean Machine, wanaraga wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walitwaa Kombe la Kenya mbele ya klabu kongwe. Kwa futiboli ya Kimarekani yenyewe Mkenya aliyefika mbali zaidi ametokea kwenye raga pia. Daniel Adongo alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 akiwa hajawahi kucheza mchezo huo, na mwaka huohuo akaingia uwanjani katika NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo.

Msimu ulioanza Septemba 2011, miezi mitatu tu baada ya kushuka mlimani, ulikuwa miongoni mwa misimu bora ya Drake katika ligi yake. Ilicheza mechi 11, ikashinda 9. Ndani ya Pioneer ilipoteza 1 na kushinda 7, rekodi ileile ya San Diego, na vyuo hivyo viwili vikagawana ubingwa. Ubingwa haukuwapeleka kokote, kwa kuwa bingwa wa ligi hiyo hakuwa bado na nafasi ya moja kwa moja katika mchujo wa kitaifa. Je, safari ya Arusha ndiyo iliyowapa ubingwa? Wengi wangependa iwe hivyo, maana kisa kinapendeza kikisimuliwa namna hiyo. Nadhani mechi moja ya Mei na siku kadhaa za kupanda mlima haziwezi kubeba msimu mzima. Lakini timu inayoanza mazoezi ya Agosti ikiwa tayari imecheza, imelala hema moja na imeshikana mikono kwenye mawe ya kilele cha Kibo ina mwanzo ambao wapinzani wake hawakuwa nao.

Mwaka 2012 waligawana tena ubingwa, sasa na Butler pamoja na San Diego. Nafasi ya mchujo kwa bingwa wa Pioneer ilikuja mwaka 2013, na mwisho wa mwaka huo Creighton akaondoka kwenda Eastern Michigan. Ikafuata miaka mingi ya San Diego kutawala.

Drake iliingia mchujo kwa mara ya kwanza mwaka 2023, chini ya kocha Todd Stepsis, baada ya kushinda mechi zote 8 za ligi. Ilipangiwa North Dakota State huko Fargo, timu yenye ufadhili kamili na makombe ya kitaifa tele, ikalambishwa 66 kwa 3. Mwaka 2024 ikawa bingwa tena, ikaenda Texas kukutana na Tarleton State, ikafungwa 43 kwa 29. Baada ya hapo Northern Iowa, jirani mwenye ufadhili, ikamchukua Stepsis.