Ngozi Yetu na Tunachoipaka: Kutoka Msio hadi Hatua Kumi

Mwezi wa Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio lililokuja kujulikana kama Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1969, sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na krimu za kung'arisha ngozi zilitangazwa kuwa marufuku. Waliounga mkono walisema vitu hivyo vinadhalilisha utamaduni wa Mwafrika. Waliopinga waliandika barua magazetini wakiuliza: utamaduni upi huo, na kwa nini mzigo wa kuulinda wabebeshwe wanawake? Mjadala ulikuwa mkali, lakini ulihusu heshima na utaifa zaidi kuliko kilichokuwamo ndani ya kopo.

Kilichokuwamo kilikuja kuelezwa Nairobi. Mwaka 1972, jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti wa madaktari kuhusu wagonjwa 60, wote Waafrika watu wazima, waliokuwa na ugonjwa wa figo unaofanya protini ivuje kwenye mkojo na mwili uvimbe. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi ya walioacha krimu hizo walipata nafuu. Wanasiasa walikuwa wametazama uso. Madaktari walitazama figo.

Nimeanza na matukio haya mawili kwa sababu yanatusaidia kujibu swali ambalo wengi wetu chuoni tunaulizana: je, taratibu ndefu za kutunza ngozi zinaisaidia au zinaiumiza? Kwa kawaida tunabishana kama watu wa 1968. Mmoja anasema ni anasa na kuiga wageni, mwingine anasema ni kujithamini. Makala haya yanadai kwamba wingi wa hatua si kipimo kizuri. Historia ya ngozi zetu inaonyesha kwamba madhara yalikuja pale mtumiaji alipopaka asichokijua, bila kikomo, kutoka kwa mtu asiyeweza kuulizwa.

Utaratibu mrefu wa pwani

Wanawake wa pwani walikuwa na taratibu ndefu za kutunza ngozi kabla ya vipodozi vya viwandani kufika. Kamusi zetu zimehifadhi majina ya vifaa vyao. Msio ni kipande cha jiwe gumu la matumbawe ambacho juu yake mti wa liwa husuguliwa kwa matone ya maji au marashi hadi utoke uji wa kupaka. Dalia ni unga wa manjano wenye harufu nzuri. Visiwani Komoro wanawake bado hupaka usoni msindanu, unaotengenezwa kwa namna hiyohiyo ya kusugua mti kwenye jiwe. Unguja kuna singo, mchanganyiko wa liwa na maua yenye harufu kama waridi na mlangilangi, ambao bibi arusi husuguliwa mwili mzima siku za kuelekea arusi yake.

Majengo nayo yanatoa ushahidi. Hamamu za Kidichi zilijengwa na Seyyid Said yapata mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Binti yake, Sayyida Salme, ambaye baada ya kuhamia Ujerumani alijulikana kama Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, na humo alieleza nyumba za kuogea za jumba la Mtoni alikokulia. Tusiyapambe maisha hayo kupita kiasi. Nafasi ya kukaa hamamuni saa nyingi ilikuwa ya wenye mali, na waliowahudumia walikuwa watumwa.

Wala tusidhani kwamba kila kitu cha asili ni salama. Mafuta ya karafuu na ya mlangilangi yanaweza kuwasha ngozi za watu wengine, na kusuguliwa kwa nguvu huchubua. Lakini singo ilikuwa na mambo matatu ambayo nitayarudia. Kwanza, kila kilichomo kilikuwa na jina ambalo mtumiaji alilijua. Pili, ilikuwa na mwisho: arusi ikipita, mwanamke hurudi kwenye sabuni na mafuta ya nazi. Tatu, aliyeichanganya alikuwa somo, kungwi au jirani. Ngozi ikiharibika, mlango wa kubisha ulijulikana.

Zebaki inavuka bahari

Sumu usoni haikuanzia Afrika. Huko Ulaya, kwa karne nyingi wanawake na wanaume wa tabaka la juu walijipaka poda nyeupe ya madini ya risasi. Baadaye zikaja krimu za zebaki, zilizouzwa Ulaya na Marekani kwa wanawake weupe waliotaka kuondoa madoadoa ya jua. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, yaani rangi yake. Shida ni kwamba haibaki kwenye ngozi. Hupenya, huingia kwenye damu, na hujikusanya kwenye figo.

Krimu na sabuni za namna hiyo zilipoletwa katika masoko ya Afrika, tangazo lilibadilika. Badala ya kuahidi kuondoa madoa, zikaahidi rangi mpya, na pamoja na rangi hiyo kazi nzuri, mchumba na maisha ya mjini. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na krimu hizi zilitembezwa kweli, kurasa kwa kurasa za magazeti.

Linalotuhusu zaidi sisi tunaosoma Uingereza ni lililofuata. Marekani ilizuia zebaki katika vipodozi vya ngozi mwaka 1973. Jumuiya ya Ulaya, ambayo Uingereza ilikuwa mwanachama, ilifanya hivyo mwaka 1976. Hata hivyo, ilibidi kungoja hadi mwaka 2003 ndipo Umoja wa Ulaya ulipokataza kusafirisha nje sabuni za vipodozi zenye zebaki. Kwa zaidi ya miaka 25, basi, sheria ilimlinda mnunuzi wa London kuliko ilivyomlinda mnunuzi wa Mombasa. Bidhaa iliyokwisha kuhukumiwa huku bado iliweza kupakiwa kwenda kwetu. Anayesema kwamba dada zetu waliumia kwa sababu ya tamaa yao tu hajasoma tarehe hizi.

Dawa inayozidisha ugonjwa

Baada ya zebaki ikaja haidrokwinoni. Asili yake ni ya kusikitisha. Mwaka 1939, madaktari nchini Marekani walieleza kisa cha wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi ambao mikono yao ilipoteza rangi. Chanzo kilikuwa kemikali ya jamii ya haidrokwinoni iliyotiwa kwenye glavu zao za mpira. Madhara ya kazini yakageuzwa kuwa biashara.

Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Mwaka 1975, madaktari wa huko walieleza ugonjwa waliouona kwa wanawake waliotumia krimu za haidrokwinoni kwa muda mrefu. Ngozi ya mashavu ilikuwa imekuwa ngumu, yenye vipele vidogo na rangi ya bluu iliyoiva kuelekea weusi. Fikiria mtego huo. Mtu anapaka ili awe mweupe, anaanza kuwa mweusi pale alipopaka, naye anadhani hajapaka vya kutosha. Mwaka 1990, baada ya madaktari na wapinzani wa ubaguzi wa rangi kupiga kelele pamoja, serikali ilipiga marufuku krimu hizo. Hapo ndipo swali la heshima na swali la kopo yalipoulizwa kwa pamoja, na ndipo jibu lilipopatikana.

Hatua ya tatu ni steroidi. Mwaka 1952 madaktari walionyesha kwamba haidrokotisoni ya kupaka inatuliza uvimbe wa ngozi, na hadi leo ni dawa nzuri mkononi mwa daktari. Lakini steroidi kali zikipakwa kila siku kwa miezi, ngozi huwa nyembamba, hupata michirizi na mishipa ya damu huonekana. Huku mtaani zilichanganywa na krimu nyingine, na Kiswahili kikaupa mchanganyiko huo jina linalosema kweli yote: mkorogo. Aliyekoroga hajulikani, kilichokorogwa hakijulikani. Tanzania ilitunga sheria ya chakula, dawa na vipodozi mwaka 2003, na krimu nyingi zikapigwa marufuku. Mwaka 2019, Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama zizuie vipodozi vyenye haidrokwinoni. Mkorogo haukwisha, na umetufuata huku: wenye maduka katika wilaya ya Southwark, London, wamewahi kushtakiwa na kuhukumiwa kwa kuuza krimu hizo.

Hatua tatu, hatua kumi

Mwaka uleule wa Operesheni Vijana, 1968, kampuni ya Clinique ilianzishwa New York kwa ushauri wa daktari wa ngozi, ikiuza utaratibu wa hatua tatu: kuosha, kuondoa ngozi iliyokufa, kulainisha. Kufikia miaka ya 2010, utaratibu wa Korea wa hatua kumi ulikuwa umeenea Uingereza na Marekani. Leo meza ya mwanafunzi ina asidi, retinoidi, vitamini C na seramu tatu.

Je, hizi ni sawa na mkorogo? Hapana. Vilivyomo vimeandikwa kwenye kopo, na vingine vina ushahidi mzuri. Retinoidi hutibu chunusi. Mafuta ya kulainisha humsaidia mwenye pumu ya ngozi. Mfano ninaoupenda zaidi unatoka nyumbani: huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi huwaua mapema. Hiyo ni hatua moja tu, nayo huokoa maisha.

Lakini tabaka la juu la ngozi limepangwa kama makuti ya paa, kuti juu ya kuti, na mafuta yanayoziba nafasi zilizo kati yake. Hujibadilisha lenyewe kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Asidi moja kwa kiasi huondoa makuti makuukuu. Asidi mbili na retinoidi usiku mmoja huezua paa kabla makuti mapya hayajakaa. Ngozi huwaka, huwasha, hutoa vipele, na mwenye ngozi hununua kopo la nne ili litulize kilichofanywa na matatu ya kwanza.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde kuna hatari nyingine. Ngozi yetu ikikereka, mara nyingi huacha doa jeusi linalodumu kwa miezi. Anayeliona doa hilo kila asubuhi huanza kutafuta cha kuliondoa upesi, na wanaouza cha kuliondoa upesi ndio haohao wanaouza haidrokwinoni na steroidi. Ndiyo maana sikubali kwamba mkorogo ni habari ya wenzetu wasiosoma. Kutoka hatua kumi hadi mkorogo kuna doa moja tu katikati.

Tuulize nini?

Kwa hiyo, utaratibu mrefu husaidia au hudhuru? Turudi kwenye mambo matatu ya singo. Najua kilichomo, kila kitu kwa jina lake? Nina kikomo, au nitapaka mpaka lini? Na ngozi ikiharibika, nitabisha mlango wa nani? Utaratibu wa hatua saba unaojibu maswali haya ni salama kuliko kopo moja lisilo na maandishi lililoletwa ndani ya sanduku la mgeni kama zawadi. Krimu mbili zenye majina yanayojulikana zinaweza kudhuru zikikosa kikomo.

Ombi langu kwa wanachama ni la vitendo. Mkiwapigia simu bibi na shangazi zenu, waulizeni walipaka nini, kwa siku ngapi, na nani aliwachanganyia. Tuyakusanye maneno yao kabla hayajapotea, na mkutano ujao kila mmoja aje na kopo moja analotumia ili tusome pamoja maandishi ya nyuma. Lisilo na maandishi liwekwe pembeni, na kama limekwisha kupakwa kwa muda mrefu, mwenyewe asione aibu kumpelekea daktari.