Kutolewa Upya kwa Santuri za Jazi na Urithi wa Mhakiki Stanley Crouch

Wote waliowahi kuhariri hati za kale za tenzi wanajua ya kuwa mnakili ana njia mbili za kumdhulumu mtunzi. Ya kwanza ni kukosea. Ya pili ni kusahihisha pasipo kosa. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba mambo hayo mawili yamekwisha kutokea pia katika santuri za jazi za Marekani, ambazo siku hizi hutolewa upya baada ya sauti yake kusafishwa. Nitaonyesha vilevile kwamba urithi wa Stanley Crouch, mhakiki wa jazi aliyezusha ugomvi mwingi kabla ya kufariki tarehe 16 Septemba 2020, wastahili kupimwa kwa uangalifu uo huo.

Yafaa tuanze na kosa lililo dhahiri. Mwaka 1959 mpiga tarumbeta Miles Davis alirekodi santuri iitwayo Kind of Blue katika studio ya kampuni ya Columbia, Mtaa wa 30, New York. Kazi ilifanyika kwa siku mbili, tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili, na santuri ikatoka Agosti mwaka huo. Siku ile ya kwanza mashine kuu ya kunasa sauti ilikuwa ikienda polepole kidogo kuliko ilivyopasa. Kwa hiyo utepe ulipochezwa kwa mwendo wa kawaida, tungo tatu za upande wa kwanza zilisikika juu kuliko zilivyopigwa, kwa kadiri ya robo ya toni. Toleo baada ya toleo lilichapwa na kosa hilo, na wanamuziki waliojaribu kupiga pamoja na santuri wakaona vyombo vyao havilingani nayo. Mwaka 1992 mafundi waliurudia utepe wa akiba, ulionaswa siku ile ile kwa mashine nyingine iliyokwenda sawasawa, na kosa likaondolewa.

Mwanaisimu hahitaji kuelezwa sana uzito wa jambo hili. Mimi mwenyewe niliwahi kuchambua irabu za mzee mmoja kutoka katika utepe ulionakiliwa kwa mashine iliyokwenda kasi. Kwa majuma mawili niliandika kwa furaha kwamba irabu zake zatofautiana na za majirani zake. Siku moja binti yake akaja kusikiliza, akasema: “Huyu si baba; huyu ni kijana.” Lau si yeye, ningalichapisha lahaja isiyopata kuwapo duniani. Kosa la mashine huondolewa kwa ushahidi, na likiondolewa hapana aliyepunjwa.

Lakini si kila toleo jipya ni sahihisho la namna hiyo. Miles Davis alirekodi Bitches Brew mwezi Agosti 1969, nayo ikatoka mwaka 1970. Kati ya kupigwa kwake na kutoka kwake, mtayarishaji Teo Macero aliukata utepe na kuuunga tena, akarudia vipande, akahamisha vingine. Mikato ile ilikuwa sehemu ya utunzi wenyewe. Mwaka 1998 ikatolewa seti kubwa ya kazi za kipindi kile, na mafundi hawakuridhika kuisafisha sauti iliyokwisha kuchanganywa. Waliirudia tepe za awali, wakachanganya sauti za vyombo upya. Basi asili ni ipi? Ni yale yaliyopigwa studioni, au ni yale yaliyoungwa na Macero na kusikiwa na ulimwengu kwa miaka 28? Swali hili si geni kwa wasomaji wa jarida hili. Tangu Hichens alipochapisha Al-Inkishafi mwaka 1939, tumejua ya kuwa nakala zake hazilingani, na kwamba kila mhariri anayechagua mpangilio mmoja wa beti huwa amefanya kazi ya mfasiri hata kama hakukusudia.

Sasa tumtazame mhakiki. Crouch alizaliwa Los Angeles mwaka 1945. Katika miaka ya 1970 alihamia New York, akapiga ngoma pamoja na mpiga saksafoni David Murray katika muziki ulioitwa huru, yaani ule usiofungwa na mapigo wala miundo iliyozoeleka. Baadaye akaukana muziki huo na kuwa mpinzani wake mkali. Mwaka 1987 alikuwa miongoni mwa walioanzisha kazi iliyokuja kuitwa Jazz at Lincoln Center, pamoja na mpiga tarumbeta Wynton Marsalis na mwandishi Albert Murray. Mwaka 1988 aliondolewa katika gazeti la Village Voice baada ya kupigana ngumi na mwenzake. Mwaka 2003 safu yake katika jarida la JazzTimes ikakomeshwa, baada ya makala aliyowashutumu humo wahakiki weupe.

Fundisho lake lilikuwa moja: jazi ina mizizi miwili, nayo ni bluzi na swingi, yaani ule mwendo wa kubembea wa mapigo. Kinachoikata mizizi hiyo chaweza kuwa muziki, lakini si jazi. Sisi tunaoshughulika na ushairi wa Kiswahili twaufahamu msimamo huu. Amri Abedi aliziandika sheria za kutunga mashairi katika kitabu chake cha mwaka 1954. Na Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, walikuwapo waliosema ya kuwa pasipo vina na mizani hapana shairi. Ugomvi wao haukuwa wa silabi tu. Waliogopa kwamba fani iliyopokewa kwa vizazi vingi ingepotea mikononi mwa wasiojifunza kwanza. Crouch naye alikuwa na hofu kama hiyo. Alichukizwa na dhana kwamba mwanamuziki Mweusi hupiga kwa hisia tu bila elimu. Kwake jazi ilikuwa taaluma yenye nidhamu, na aliyeilegeza nidhamu aliwasaidia wenye kuidharau. Sioni haki ya kulipuuza hilo.

Walakini hofu hiyo ilimpeleka mbali. Katika kitabu chake The All-American Skin Game, cha mwaka 1995, mna insha juu ya Miles Davis ambayo jina lake lilimshitaki kwamba ameiuza sanaa yake, na jina hilo likabeba jina la santuri ya mwaka 1972, On the Corner. Niliisoma insha hiyo katika maktaba ya chuo cha ng'ambo nilikosomea shahada ya uzamivu, nami nilikuwa sijapata kuisikia santuri yenyewe hata mara moja. Nikaipokea hukumu kabla ya kusikiliza shauri. Kwa miaka kadhaa niliirudia mbele ya wanafunzi wangu kama mfano wa msanii aliyepotoka, nao wakaiandika katika madaftari yao.

Hatimaye niliisikiliza seti iliyotolewa mwaka 2007, yenye kazi za studio za Miles za miaka 1972 hadi 1975 katika diski sita. Nilisikia tabla na sitari za Kihindi, besi inayorudia kifungu kifupi bila kuchoka, na tarumbeta iliyopitishwa katika umeme hata ikalia kama sauti ya mtu. Swingi sikuisikia. Katika hilo Crouch alisema kweli. Lakini sikio lililolelewa na ngoma za pwani halioni ugeni katika muziki unaozunguka mahali pamoja, huku pigo likipandishwa juu ya pigo. Nilichoambiwa kuwa ni upungufu wa nidhamu, mimi nilikisikia kuwa nidhamu nyingine. Tena ganda la santuri ile ya 1972 halikuwa na orodha ya wapigaji. Matoleo ya baadaye yamewataja. Kwa maoni yangu, kurudishwa kwa majina hayo ni faida kubwa kuliko usafi wote wa sauti.

Hapa neno lenyewe ladai kuchunguzwa. Katika Afrika ya Mashariki, Morogoro Jazz Band na Western Jazz Band zilipiga dansi ya magitaa iliyochota sana katika rumba. Kwa kipimo cha Crouch, hakuna hata moja iliyopiga jazi. Hata hivyo hapana mwanaisimu atakayethubutu kuwaambia watu wa Morogoro kwamba walikosea kuliita jambo lao jina hilo, kwani maana ya neno hufanywa na walitumiao. Crouch angejibu, nami namsikia, kwamba neno likibeba kila kitu halibebi kitu. Majibu hayo mawili yote yana ukweli, na ndiyo maana ugomvi haukwisha kwa kifo chake.

Tufanye nini basi na urithi wa mtu wa namna hii? Wako wanaotaka kumsafisha kabisa, zibaki sifa za kitabu chake cha mwaka 2013 juu ya ujana wa Charlie Parker, na ngumi zisahauliwe. Wako wanaotaka abaki na ngumi tu. Wote wawili wanafanya kosa la mnakili anayesahihisha pasipo kosa. Ukali wa Crouch haukuwa mkwaruzo juu ya santuri. Ulikuwa sehemu ya utunzi wake, kama mikato ya Macero. Ninalopendekeza ni kwamba toleo litakalofuata la On the Corner lichapwe pamoja na insha yake, ili msikilizaji awe na shauri na hukumu mkononi kwa wakati mmoja. Nasi katika vyuo vyetu, tunaponakili tepe za wazee na hati za tenzi, tuitunze asili bila kuigusa na tuandike kando kila tulilolibadili. Wanafunzi wangu wa zamani nimekwisha kuwaandikia, niliowapata, kuwaambia kwamba niliwafundisha juu ya santuri nisiyoisikia. Wawili wamenijibu kuwa sasa wanaisikiliza, na mmoja bado anakubaliana na Crouch.