Ulimbikizaji wa vitu uzeeni

Ulimbikizaji wa vitu ni maradhi ya akili yanayomfanya mtu ashindwe kuachana na vitu vyake, vyenye thamani na visivyo nayo, hadi jiko halipikiki na kitanda hakilaliki. Kwa wazee mara nyingi huandamana na kujitelekeza: mzee haogi, hali vizuri, wala hamfungulii mtu mlango. Mwaka 1975 madaktari wa Uingereza waliiita hali hiyo sindromu ya Diogenes. Jina halifai, kwani mwanafalsafa huyo wa Ugiriki alijivunia kutomiliki kitu.

Ndugu wa Collyer

Kisa mashuhuri ni cha Homer na Langley Collyer wa Harlem, New York. Homer alipopofuka katika miaka ya 1930, mdogo wake Langley alijitoa kumuuguza. Alimlisha machungwa kwa wingi akiamini yatamponya macho, akamwekea magazeti ya kila siku ayasome atakapoona tena. Marundo yakaziba madirisha, na kwa kuhofia wezi Langley akatega mitego ndani yake. Machi 21, 1947 polisi walimkuta Homer amekufa. Langley alisakwa hadi majimbo ya mbali. Aprili 8 akapatikana hatua chache tu kutoka alipofia kaka yake, amefukiwa na mtego wake mwenyewe alipokuwa akimpelekea chakula. Zilitolewa zaidi ya tani 100 za vitu, zikiwemo piano 14.

Msaada wa jamaa

Kumhamisha mzee kwa muda na kuifagia nyumba nyuma yake ni ukatili hata kama nia ni njema, na marundo hurudi. Mwaka 1972 Jacqueline Kennedy Onassis, aliyewahi kuwa mke wa rais wa Marekani, na dada yake waligharamia usafi wa Grey Gardens, nyumba ya shangazi yao Edith Beale huko East Hampton. Hata hivyo, filamu ya 1975 kuhusu nyumba hiyo inaonyesha paka wametanda chumbani na rakuni wakilishwa darini.

Kinachofaa zaidi ni mtu mmoja anayeaminiwa, anayekuja mara kwa mara na kuomba ruhusa kwa kila kitu kinachotoka. Huanza na njia ya mlangoni na kando ya jiko, kwa sababu ya moto na kuanguka. Mzee hukubali upesi zaidi akiambiwa "usijikwae usiku" kuliko "nyumba inanuka". Daktari achunguze sonona na ugonjwa wa kusahau.

Matibabu

Tiba ya mazungumzo huwasaidia baadhi.

Hadhi ya sasa

Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliyatambua maradhi haya rasmi mwaka 2013. Yamo pia katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022.