Mali Bila Daftari: Katalogi ya Barua za Bertrand Russell na Funzo Lake kwa Mhakiki

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, hakuna hata mmoja wetu ambaye hajafundisha barua. Tunaanza na barua ya kirafiki, tunaendelea hadi barua rasmi, na katika kila hatua tunasisitiza anwani, tarehe, mtajo, kimalizio na sahihi. Mwanafunzi anayesahau tarehe hupoteza alama za sura. Je, ni mara ngapi tumemweleza kwa nini tarehe ile ina thamani? Aghalabu tunamwambia kuwa ndio utaratibu, nasi tunaendelea na funzo linalofuata.

Makala haya yananuia kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Tutaangalia barua za Bertrand Russell, mwanafalsafa Mwingereza aliyeutumia uzee wake kupinga silaha za nyuklia, na kazi iliyofanywa ili barua hizo ziorodheshwe. Hoja yetu ni kwamba kuorodhesha barua si kazi ya karani tu. Ni hatua ya kwanza ya uhakiki. Anayejaza safu za katalogi huwa ameshaamua nani anasema, anamwambia nani, lini, na kwa mkono wa nani. Akikosea hapo, mhakiki anayemfuata atajenga nyumba juu ya mchanga.

Mwanafalsafa na karatasi zake

Russell alizaliwa Wales mwaka 1872 na kufariki huko huko Februari 1970, akiwa na umri wa miaka 97. Jina lake la kitaaluma lilitokana na kazi ya mantiki na hisabati, hasa Principia Mathematica aliyoiandika pamoja na Alfred North Whitehead na iliyochapishwa kati ya 1910 na 1913. Mwaka 1950 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, jambo linalopaswa kutupendeza sisi wa fasihi, kwani halikuwa la riwaya wala tamthilia bali la nathari ya hoja.

Mwaka 1918 alifungwa katika gereza la Brixton, London, kwa sababu ya maandishi yake wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1955 alitangaza mjini London tamko dhidi ya silaha za nyuklia ambalo Albert Einstein alilitia sahihi siku chache kabla ya kufa. Mwaka 1958 akawa rais wa kampeni ya Uingereza ya kuondoa silaha hizo, na mwaka 1961, akiwa na miaka 89, alirudishwa Brixton kwa juma moja. Mwaka 1963 wakfu wa amani uliopewa jina lake ulianzishwa. Miongoni mwa viongozi walioukubali udhamini wake walikuwemo Julius Nyerere, Kenneth Kaunda na Kwame Nkrumah.

Shughuli hizo zilihitaji fedha, na mzee huyu alikuwa na hazina moja kubwa: karatasi. Alihifadhi barua alizopokea, rasimu, na nakala za kaboni za barua nyingi alizopeleka. Uamuzi ukafanywa wa kuuza nyaraka hizo ili kuendeleza kazi ya kisiasa. Lakini nani hununua asichokijua? Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuuza, ilibidi kuhesabu.

Aliyeihariri katalogi ya kwanza, iliyochapishwa London mwaka 1967, alikuwa Mwafrika: Barry Feinberg, mkimbizi wa kisiasa kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1969, yeye na mkimbizi mwenzake, Ronald Kasrils, walichapisha kitabu cha barua ambazo Russell aliandikiana na watu wa kawaida kati ya 1950 na 1968. Kasrils baadaye alikuwa waziri katika serikali ya Afrika Kusini huru. Feinberg naye alirejea nyumbani na kufanya kazi katika Kituo cha Mayibuye, Chuo Kikuu cha Western Cape, kinachohifadhi kumbukumbu za mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi.

Mwaka 1968 nyaraka zilinunuliwa na Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton, Kanada. Kenneth Blackwell, aliyekuwa amezishughulikia London, alizifuata Kanada akawa mhifadhi wake wa kwanza. Baada ya kifo cha Russell fungu jingine likaongezwa, likiwa na barua za faragha zaidi. Leo katalogi ya kompyuta ya hifadhi hiyo ina rekodi zaidi ya 100,000. Kila rekodi huonyesha mwandishi, mpokeaji, tarehe na hali ya waraka: je, umeandikwa kwa mkono au kwa taipu? Je, ni barua yenyewe, nakala ya kaboni, au fotokopi ya barua iliyoko kwingineko?

Barua iliyokumbuka

Barua ikishatiwa stempu humtoka mwandishi. Anayebaki nayo ni mpokeaji. Kwa hiyo, hifadhi ya karatasi za mtu mmoja huwa na upande mmoja tu wa mazungumzo, isipokuwa pale alipoweka nakala. Barua zaidi ya 1,500 alizomwandikia mpenzi wake, Lady Ottoline Morrell, kuanzia 1911, hazikuwa nyumbani kwa Russell. Ziko Chuo Kikuu cha Texas, na wahifadhi wa Hamilton walilazimika kutafuta nakala zake. Walifanya vivyo hivyo kwa wapokeaji wengine duniani.

Umuhimu wa kuwatafuta wapokeaji unadhihirika katika kisa kimoja. Miaka ya mwanzo baada ya 1945, wakati Marekani peke yake ilipokuwa na bomu la nyuklia, Russell aliona kuwa Muungano wa Kisovieti ungeweza kutishwa kwa vita ili ukubali udhibiti wa kimataifa wa silaha hizo. Baadaye, nchi zote mbili zilipokuwa na bomu, akageuka kuwa mpinzani mkuu wa vita vya namna hiyo. Mwaka 1953 alikanusha hadharani kwamba aliwahi kuunga mkono vita vya kuwahi dhidi ya Wasovieti. Lakini mwezi Mei 1948 alikuwa amemwandikia Walter Marseille, aliyeishi Marekani, barua iliyoeleza msimamo ule wa vitisho. Marseille alikuwa nayo bado. Aliomba ruhusa ya kuichapisha, Russell akaitoa bila kukumbuka yaliyomo, na mwaka 1954 barua ikatoka gazetini.

Tafakari, msomaji. Mwandishi yu hai, ana akili timamu, anasema sivyo. Barua yake mwenyewe, mikononi mwa mtu wa mbali, inasema ndivyo. Russell mwenyewe alikubali katika tawasifu yake kwamba alikuwa amesahau. Wapinzani wake wamelitumia jambo hili kumwita mwongo. Wanaomtetea husema hali ya dunia ilibadilika, naye akabadilika nayo. Hukumu ni ya kila msomaji. Hata hivyo, mjadala huo usingewezekana kama barua ile ingechomwa, au kama ingehifadhiwa bila tarehe. Mei 1948 ni kabla ya bomu la kwanza la Wasovieti la mwaka 1949. Barua hiyo ikisogezwa miaka miwili mbele, inakuwa barua ya mtu mwingine kabisa.

Telegramu na kalenda

Mfano wa pili ni Oktoba 1962, dunia ilipokaribia vita vya nyuklia kwa sababu ya makombora ya Kisovieti nchini Cuba. Rais Kennedy alilihutubia taifa lake jioni ya tarehe 22. Tarehe 23 Russell, akiwa nyumbani kwake Wales, aliwapelekea Kennedy na Khrushchev telegramu. Tarehe 24 jibu refu la Khrushchev lilitangazwa na shirika la habari la TASS. Tarehe 26 Kennedy alijibu kwa ukali, akimtaka mzee huyo awatazame wezi badala ya wale waliowakamata. Tarehe 28 Khrushchev akatangaza kwamba angeondoa makombora.

Ukizipanga karatasi hizi bila kalenda, ni rahisi kuandika ngano ya mzee mmoja aliyeokoa dunia kwa telegramu. Ukizipanga kwa kalenda, unaona jambo dogo zaidi lakini la kweli: Khrushchev alipata katika barua ya raia wa nchi ya Magharibi mlango wa kusema hadharani kwamba hataki vita. Kwamba mlango huo ndio uliobadilisha uamuzi wake, karatasi hizi hazithibitishi. Kufuatana si kusababishana. Hilo pia ni funzo ambalo wanafunzi wetu wanalihitaji wanapoeleza ploti.

Ni nani anayesema?

Tumefika penye mgogoro mkubwa zaidi. Kuanzia mwaka 1960 Russell alikuwa na msaidizi kijana, Ralph Schoenman, Mmarekani mwenye ari isiyochoka. Katika miaka iliyofuata, hasa wakati wa kampeni dhidi ya vita vya Vietnam, matamko na barua zilitoka kwa wingi zikiwa na jina la Russell. Wasomaji waliomzoea walishtuka. Ile nathari nyepesi yenye kejeli ya upole iligeuka mahali pengine kuwa lugha nzito ya jukwaani. Baadhi wakasema mzee amezeeka, kijana anamwendesha, na sahihi ni yake lakini maneno si yake. Mwezi Desemba 1969 Russell aliandika waraka mrefu kueleza kwa nini aliachana na Schoenman. Ulichapishwa baada ya kifo chake.

Kinachogombewa hapa si jambo dogo. Ni heshima ya akili ya mtu katika miaka yake ya mwisho, na pamoja nayo uzito wa yote aliyoyasema juu ya bomu na juu ya Vietnam. Je, tuyatupe yote? Tuyakubali yote? Katalogi inatuepusha na majibu hayo mawili ya haraka, kwa sababu inatulazimisha kuuliza juu ya kila barua peke yake. Kuna rasimu zilizoandikwa kwa mkono wa Russell mwenyewe. Kuna zilizoandikwa kwa mkono wa mkewe, Edith, kutokana na imla. Kuna zilizopigwa taipu na kusahihishwa naye, na kuna zilizopigwa taipu zikaishia kwa sahihi tu. Hizi ni ngazi tofauti za ushahidi.

Mhakiki wa fasihi hana haja ya kujifunza upya hapa. Ndiyo tofauti tunayoifundisha kati ya mwandishi na nafsineni katika shairi. Kwenye barua kuna mtu wa tatu: mtia sahihi. Huyu huenda hakuitunga sentensi hata moja, lakini ameibeba dhamana yake mbele ya watu. Kwa maoni yangu, barua iliyotungwa na msaidizi na kutiwa sahihi na Russell ni ushahidi kamili wa msimamo aliokubali kuubeba, lakini ni ushahidi dhaifu wa mtindo wake. Anayechambua siasa zake ataitumia. Anayechambua nathari yake aiweke kando.

Faragha na siasa

Waweza kudhani kwamba barua za mapenzi na barua za siasa ni mafungu mawili yasiyokutana. Barua za gerezani za mwaka 1918 zinakataa mgawanyo huo. Kwa kuwa barua rasmi zilikuwa chache na zilipitia macho ya wakubwa wa gereza, Russell alizipenyeza nyingine ndani ya vitabu ambavyo kurasa zake hazijakatwa, zikatoka nje mikononi mwa rafiki zake. Ndani yake mna mapenzi, falsafa na vita kwa pamoja. Aidha, alipomjibu Oswald Mosley, kiongozi wa mafashisti wa Uingereza, Januari 1962, alikataa mjadala naye kwa sababu za hisia na maadili: walimwengu wao wawili hawakuwa na pa kukutania. Barua hiyo utaiweka kabati lipi?

Shaaban Robert na darasa letu

Katika fasihi yetu tunao mfano wa karibu. Mwaka 2002 TUKI ilichapisha Barua za Shaaban Robert 1931–1958, barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge. Mshairi ambaye wengi wetu humfundisha kama sanamu ya hekima anaonekana humo akiwa ndugu mwenye shughuli na mahangaiko ya kila siku. Tunamjua hivyo kwa sababu barua zilitunzwa, na kwa sababu mhariri alizipanga kwa miaka yake.

Napendekeza basi zoezi rahisi. Wape wanafunzi barua tano za kubuni, zimechanganywa, baadhi hazina tarehe, moja haina sahihi, nyingine ina mwandiko wa mtu asiyetajwa. Waambie watengeneze katalogi: mwandishi, mpokeaji, tarehe, mahali, hali ya waraka, muhtasari wa sentensi moja. Wasiruhusiwe kukisia bila kueleza dalili iliyowaongoza. Watakapobishana juu ya barua isiyo na tarehe, hutahitaji kuwaeleza tena kwa nini alama ya tarehe ipo.

Hitimisho

Russell aliishi na kuandika muda mrefu hivi kwamba angeweza kutetewa au kulaumiwa kwa barua zake mwenyewe, kutegemea ni zipi zinazoletwa mezani. Katalogi haimtetei wala haimlaumu. Inahakikisha tu kwamba barua zote zinaitwa kutoa ushahidi, kila moja kwa jina lake na siku yake. Nasi walimu tunapomdai mwanafunzi anwani, tarehe na sahihi, tunamdai mambo yale yale ambayo mtu asiyemjua, miaka mingi baadaye, atayahitaji ili amsome kwa haki.